Saa 72 za Kwanza: Vidonge vya Dharura, Mafundisho ya Kanisa na Huduma kwa Aliyebakwa



Liko swali ambalo katika parokia na vigango vyetu huulizwa kwa sauti ya chini: je, Mkatoliki aweza kutumia vidonge vya kuzuia mimba baada ya tendo la kujamiiana? Swali hili huonekana kuwa moja, lakini ndani yake mna maswali mawili. La kwanza ni la mume na mke, au la watu wawili waliokutana kwa hiari yao, ambao baada ya tendo wanataka mimba isitungwe. La pili ni la mwanamke au binti aliyeshambuliwa na kubakwa. Mama Kanisa hayajibu maswali haya kwa neno moja. Anayeyachanganya husababisha madhara makubwa, kwa maana humfanya aliyebakwa abaki nyumbani kwa aibu na kwa hofu ya dhambi, huku saa ambazo zingemwokoa na maambukizi ya Virusi vya UKIMWI zikipita bila kurudi.

Makala hii inaeleza kwa utaratibu jinsi vidonge hivyo vinavyofanya kazi na mipaka ya muda wake, mafundisho ya Kanisa, na mambo ya lazima kufanywa pale binti, mke, dada au jirani anapobakwa.

Mwili wa mwanamke na hesabu ya muda

Katika kila mzunguko wa hedhi, kwa kawaida yai moja hupevuka na kutoka kwenye kifuko chake. Jambo hili hutokea takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, ingawa siku hiyo hubadilika kutoka mwanamke mmoja hadi mwingine, na hata kwa mwanamke yuleyule kutoka mwezi hadi mwezi. Yai likishatoka huishi kati ya saa 12 na 24 tu. Mbegu za kiume, kwa upande wake, zaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5.

Kutokana na hesabu hiyo, si lazima mimba itungwe saa ileile ya tendo. Ikiwa yai bado halijatoka, mbegu zaweza kulingojea kwa siku kadhaa. Maarifa haya ndiyo msingi wa njia za asili za kupanga uzazi, kama ile iliyoenezwa na madaktari Wakatoliki wa Australia, John Billings na mkewe Evelyn, ambayo humfundisha mwanamke kuzitambua siku zake za rutuba kwa kuuangalia ute wa uzazi. Maarifa hayohayo ndiyo yanayoeleza kwa nini vidonge vya dharura huweza kufanya kazi, na kwa nini kila saa inayopita hupunguza uwezo wake.

Njia zinazotumika na mipaka ya muda wake

Mwamini anapaswa kuujua ukweli wa kitabibu kabla ya kuutolea hukumu ya kimaadili. Njia zinazojulikana katika tiba ni hizi:

1. Vidonge vya levonorjestreli. Nchini Tanzania hujulikana na wengi kwa jina la P2. Kipimo chake ni miligramu 1.5, ama kwa kidonge kimoja, ama kwa vidonge viwili vya miligramu 0.75 ambavyo huweza kumezwa pamoja. Hutakiwa kumezwa mapema iwezekanavyo, hasa ndani ya saa 72. Vyaweza kusaidia kidogo hadi siku ya 5, lakini nguvu yake hupungua kadiri muda unavyokwenda. Kazi yake ni kuzuia au kuchelewesha yai lisitoke. Yai likiwa limekwishatoka, havina msaada wa kutegemewa.

2. Kidonge cha ulipristali. Kipimo chake ni miligramu 30, na hutumika hadi saa 120, yaani siku 5. Nacho huchelewesha kutoka kwa yai, hata pale mwili unapokuwa umeanza kujiandaa kulitoa.

3. Vidonge vya kawaida vya majira vyenye homoni mbili, vinavyomezwa kwa vipimo maalumu mara mbili, kwa kupishana saa 12. Njia hii ni ya zamani, ina nguvu ndogo zaidi, na huleta kichefuchefu zaidi.

4. Kitanzi cha shaba, ambacho wengi hukiita lupu. Kikiwekwa na mtaalamu ndani ya siku 5, huzuia mimba kwa zaidi ya asilimia 99. Shaba hudhoofisha mbegu za kiume, lakini kitanzi chaweza pia kuzuia yai lililokwisha kutungishwa lisijishike katika ukuta wa mji wa mimba.

Anayetapika ndani ya saa 2 baada ya kumeza levonorjestreli hutakiwa kurudia kipimo. Kwa ulipristali hesabu ni saa 3. Baadhi ya dawa hupunguza nguvu ya vidonge hivi, hasa rifampisini inayotibu kifua kikuu na efavirenzi iliyotumika sana kwa wanaoishi na VVU. Kwa hiyo ni lazima mhudumu wa afya aambiwe dawa zote anazotumia mhusika. Uzito mkubwa wa mwili nao hupunguza nguvu ya levonorjestreli. Hedhi ikichelewa zaidi ya siku 7, mwanamke apime ujauzito.

Mambo yanayochanganywa

Vidonge vya dharura si vidonge vya kutoa mimba. Mimba ikiwa imekwisha kujishika, levonorjestreli haiiharibu na haimdhuru mtoto. Vilevile havimkingi mtu na VVU wala magonjwa mengine ya zinaa, na havikuundwa kwa matumizi ya kila mara.

Kujiosha kwa nguvu sehemu za ndani, kunywa chai iliyokolea, majivu, maji ya sabuni ya unga au dawa ya kung'arishia nguo hakuzuii mimba hata kidogo. Baadhi ya vitu hivyo huunguza koo na tumbo, na vyaweza kuua. Mzazi anayemsikia binti yake akitajiwa tiba za namna hiyo asinyamaze.

Mafundisho ya Kanisa kwa wanandoa

Katika Waraka wake wa Kitume Humanae vitae wa tarehe 25 Julai 1968, Mtakatifu Paulo VI alifundisha kwamba tendo la ndoa lina maana mbili zisizotenganishwa na mwanadamu: kuwaunganisha mume na mke, na kuwa wazi kwa uhai. Kwa hiyo Kanisa hufundisha kwamba si halali kulikusudia tendo hilo liwe tasa kwa njia yoyote ya bandia, iwe kabla ya tendo, wakati wa tendo au baada yake. Vidonge vya dharura vinapotumiwa na wanandoa kwa lengo hilo vinaingia katika katazo hili. Waraka huohuo unawaruhusu wanandoa wenye sababu nzito kupanga nafasi ya watoto kwa kutumia vipindi vya asili visivyo na rutuba.

Waraka huo una neno jingine linalosahaulika mara nyingi na wanaume. Unafundisha kwamba tendo analolazimishwa mwenzi, pasipo kujali hali yake na matakwa yake halali, si tendo la kweli la upendo. Cheti cha ndoa si ruhusa ya kutumia nguvu.

Kwa vijana ambao hawajafunga ndoa, Kanisa huwaita kwenye usafi wa moyo na subira. Aliyeanguka aijongee Sakramenti ya Kitubio, na asiache kumwona mhudumu wa afya, kwa sababu hatari ya maambukizi haiondolewi na majuto.

Je, aliyebakwa?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2356, inafundisha kwamba kubaka ni uovu kwa asili yake, ni kosa dhidi ya haki na mapendo, na huacha jeraha zito linaloweza kumwandama mhanga maisha yake yote. Aliyebakwa hakutenda tendo la ndoa, bali ametendewa ukatili. Hana dhambi ya kuungama kwa jambo hilo, na mtu yeyote asithubutu kumwambia kinyume chake.

Swali la kujikinga na mimba baada ya kubakwa lilijadiliwa kwa namna ya pekee kutokana na yaliyotokea jirani kabisa nasi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Baada ya Kongo kupata uhuru wake tarehe 30 Juni 1960, nchi iliingia katika machafuko, na watawa wa kike walikabiliwa na hatari ya kubakwa. Mwaka 1961 wanateolojia watatu wa Roma, Pietro Palazzini, Franz Hürth na Ferdinando Lambruschini, waliandika katika jarida la Studi Cattolici juu ya swali hili: je, mwanamke aliye katika hatari hiyo aweza kutumia dawa ya kuzuia yai lisitoke? Kila mmoja kwa hoja zake, walijibu kwamba anaweza, kwa kuwa anajilinda dhidi ya shambulio. Maandiko yao hayakuwa tamko rasmi la Kanisa, bali yalikuwa maoni ya wanateolojia. Hata hivyo, Lambruschini ndiye aliyepewa jukumu la kuitambulisha Humanae vitae kwa waandishi wa habari mjini Vatican mwaka 1968. Kwake yeye hapakuwa na mgongano: katazo la Waraka lilihusu tendo la ndoa, na kubakwa si tendo la ndoa.

Maaskofu wa Marekani, katika maagizo yao kwa huduma za afya za Kikatoliki, agizo la 36, wanafundisha kwamba mwanamke aliyebakwa ana haki ya kujilinda dhidi ya mimba itokanayo na shambulio hilo. Baada ya vipimo vinavyofaa, ikiwa hakuna dalili kwamba mimba imetungwa, aweza kupewa dawa zinazozuia yai lisitoke au lisikutane na mbegu. Haikubaliki kumpa dawa au tiba yenye lengo la kuuondoa uhai uliokwisha kuanza, au kuuzuia usijishike katika mji wa mimba.

Ujerumani ilikutana na swali hilo mwanzoni mwa mwaka 2013, ilipojulikana kwamba hospitali mbili za Kikatoliki jijini Cologne zilimkatalia huduma mwanamke aliyehofiwa kubakwa. Kardinali Joachim Meisner aliomba radhi. Mwezi Februari mwaka huo maaskofu wa Ujerumani, waliokutana mjini Trier, walitamka kwamba hospitali za Kikatoliki ziwapatie huduma kamili wanawake waliobakwa, ikiwemo dawa inayozuia kutungwa mimba, lakini si ile inayoutoa uhai uliokwisha kutungwa.

Mpaka wa fundisho hili uko wazi. Hati ya Dignitas personae ya mwaka 2008, namba 23, inakataza njia zinazokusudia kuuzuia uhai uliokwisha kutungwa usijishike, na inataja kitanzi pamoja na vidonge vya siku ya pili. Tangu hapo utafiti umesonga mbele. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba levonorjestreli hufanya kazi kwa kuzuia au kuchelewesha kutoka kwa yai, na mwezi Desemba 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilibadilisha maelezo ya kidonge hicho na kueleza kwamba hakizuii yai lililotungishwa kujishika. Wapo wanamaadili Wakatoliki wanaoendelea kutaka tahadhari zaidi, hasa kuhusu ulipristali, kwa kuwa ina undugu wa kikemia na dawa inayotumika kutoa mimba. Kitanzi cha shaba hakikubaliki katika maadili ya Kikatoliki hata katika hali hii, kwa sababu iliyokwisha elezwa hapo juu.

Jambo moja halina mjadala kati ya pande zote hizo: kadiri aliyebakwa anavyofika mapema kwenye huduma, yai likiwa bado halijatoka, ndivyo dawa inavyofanya kazi ya kuzuia tu, na ndivyo dhamiri yake na ya anayemhudumia inavyokuwa na utulivu.

Nini kifanyike ndani ya saa 72

Uwanda wa Ufipa ni mpana, na wengi wetu tuko mbali na Sumbawanga mjini. Anayetoka mwambao wa Kirando au Kabwe, au anayepanda kutoka bonde la Ziwa Rukwa kupitia mteremko wa Lyamba lya Mfipa, hasa wakati wa masika, aweza kupoteza siku nzima njiani. Familia ikikaa kikao siku mbili kabla ya kuamua, siku ya tatu imekwisha. Kwa hiyo:

1. Mhanga apelekwe mahali salama, na asiachwe peke yake. Aaminiwe. Asihojiwe na watu wengi.

2. Ikiwezekana, asioge, asijisafishe sehemu za siri wala asifue nguo alizovaa kabla ya kuchunguzwa. Nguo zifungwe katika karatasi au kitambaa kikavu, si katika mfuko wa plastiki, kwani unyevunyevu huharibu ushahidi. Aliyekwisha kuoga naye aende hospitali bila kusita. Bado anastahili huduma zote.

3. Aende mara moja kwenye kituo cha kutolea huduma za afya kilicho karibu. Zahanati isipokuwa na dawa zinazohitajika, iombwe kutoa rufaa siku hiyohiyo kwenda kituo cha afya, hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa.

4. Aombe dawa kinga dhidi ya VVU, maarufu kwa jina la PEP. Hutakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, na ni bora zaidi zikianzwa katika saa za mwanzo kabisa. Humezwa kila siku kwa siku 28 bila kukatisha. Dawa hizi hazina kipingamizi chochote cha kimaadili.

5. Apimwe ujauzito, apewe tiba ya kinga dhidi ya magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini aina ya B, na chanjo ya pepopunda ikiwa ana majeraha. Kuhusu dawa ya kuzuia mimba, amweleze mhudumu tarehe ya hedhi yake ya mwisho, aulize dawa anayopewa inafanya kazi gani, kisha aamue kwa uhuru na kwa dhamiri iliyoelimishwa.

6. Taarifa itolewe polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na ichukuliwe fomu ya polisi namba 3, yaani PF3, ambayo daktari huijaza. Fomu hiyo ni muhimu kwa ushahidi mahakamani. Hospitali zenye Kituo cha Mkono kwa Mkono huunganisha matibabu, polisi na ushauri nasaha mahali pamoja. Aliyefika hospitali kwanza amwombe mhudumu amsaidie kuwasiliana na polisi, ili saa za PEP zisipotee kwa kuhangaikia karatasi.

7. Kwa mtoto, simu namba 116 hupigwa bila malipo kuomba msaada.

8. Arudi kwa vipimo vya VVU na ujauzito kwa tarehe alizopangiwa, na aendelee kupata ushauri nasaha.

Sheria na kishawishi cha kumalizana nyumbani

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kama ilivyorekebishwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, inatoa kwa kosa la kubaka adhabu ya kifungo cha maisha, au isiyopungua miaka 30. Kufanya ngono na msichana asiye mke wa mhusika, aliye chini ya miaka 18, ni kubaka hata kama alikubali. Kwa hiyo wazee wa ukoo wanaopokea ng'ombe au fedha ili "kuyamaliza" hawajamaliza kitu. Wamemfunika mhalifu, wamemwacha binti bila dawa, na wamewaweka wasichana wengine katika hatari. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Mimba ikiwa imetungwa

Huenda saa zikawa zimepita, au dawa ikashindwa. Hapo Kanisa hutambua kuwapo kwa wahanga wawili, mama na mtoto, na wote hawana kosa. Uhai wa mtoto ni tunu inayostahili kulindwa tangu kutungwa mimba, bila kujali uovu wa baba yake. Lakini fundisho hili likitamkwa na jumuiya isiyomsaidia mama, linakuwa mzigo mzito juu ya mabega ya aliyekwisha jeruhiwa. Anahitaji kliniki, chakula, mahali pa kuishi, na watu wasiomnyooshea kidole. Akiwa mwanafunzi, akumbushwe kwamba tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni katika mfumo rasmi.

Na kama kuna aliyetoa mimba kwa hofu, naye anatokwa na damu au ana homa, aende hospitali mara moja bila kuogopa. Mlango wa huruma uko wazi pia: kwa barua yake ya Misericordia et misera ya tarehe 20 Novemba 2016, Baba Mtakatifu Fransisko aliwapa mapadre wote mamlaka ya kuwaondolea dhambi hiyo wanaotubu.

Wajibu wa Jumuiya zetu

Hospitali ya Kanisa mjini Sumbawanga ina jina la Dk. Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, akasomea utabibu huko Malta, akafika Karema mwaka 1889, na akawa katekista na tabibu hadi alipofariki mwaka 1956. Katika mtu yule mmoja, katekisimu na dawa havikutengana. Huo ndio urithi wa jimbo letu, na ndio wajibu wa kila Jumuiya Ndogondogo: kujua kituo cha afya kilicho karibu chenye PEP, kuwa na mtu anayeweza kutoa usafiri hata usiku, na kuwa na mama mmoja au wawili wa WAWATA ambao binti aweza kuwaendea akiwa na hakika kwamba hawatamhukumu.

Mambo haya yapangwe sasa, kabla ya dhara kutokea. Ikitokea, kuhojiana na kulaumiana kusubiri. Kwanza itafutwe pikipiki.